Rafu la Baridi, Rafu la Yabisi

Siku yangu ya kwanza kazini niliamrishwa niyafunike mabomba ya maji mablanketi. Ilikuwa Disemba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika karakana ya ufinyanzi iliyojibanza chini ya majabali upande wa Bustan, Maskati, na mimi nimeajiriwa mtunza ghala. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, watoto wanne, na cheti cha skuli nilichokuja nacho kutoka Unguja. Juu ya udongo sikujua lolote isipokuwa kwamba unachafua nguo. Mtaalamu, bwana mmoja mrefu aliyeletwa kutoka nchi za theluji kuja kuianzisha karakana, alinikabidhi karatasi iliyopigwa chapa, imejaa maagizo ya kulinda vifaa na baridi. Mabomba yafungwe yasije yakapasuka. Ndoo za rangi zisiachwe zikaganda. Udongo usikae karibu na ukuta wa nje, kwa kuwa barafu ikiuingia haushikani tena. Niliyasoma yote kwa adabu, nikatoka nje, nikalitazama jua la saa nne linavyowaka juu ya mawe, nikarudi ndani kufunga mabomba.

Mkuu wa Karakana alinikuta nimepiga magoti na kamba mdomoni. Huyu alikuwa Mzee Saleh, Mwarabu wa Omani aliyezaliwa Tabora, kofia yake imefifia rangi kwa vumbi la udongo.

"Bi Zuwena, hayo mabomba yana homa?"

"Nimeamrishwa, Mzee."

"Basi yafunge vizuri. Mtaalamu akienda zake, mablanketi tutayapatia kazi ya maana."

Mtaalamu aliondoka kabla ya Ramadhani, na Mzee Saleh akatimiza alilosema. Baridi ya Maskati, nyinyi vijana mnaijua kwa kuvaa koti jepesi mkienda kula mishikaki. Haigandishi kitu. Mzee Saleh alikuwa akisema kwamba baridi yetu inakaa: inateremka na shamali, upepo wa kaskazini, umande wa asubuhi unapanda kutoka baharini, vikikutana ndani ya karakana havitoki mpaka Machi. Kila kitu mle ndani kilikuwa na ugonjwa wake. Jasi, ule unga mweupe wa kutengenezea kalibu, ilikuwa ikivuta unyevu hewani, ukifungua gunia unakuta jiwe. Tukaipandisha juu ya mbao, shubiri moja kutoka ukutani. Rangi ya kioo, ule uji tunaoupaka chomboni nao ukageuka kioo kwenye moto, ilikuwa ikizama chini ya ndoo na kushikamana. Kila asubuhi nilitia mkono mpaka kiwiko kuikoroga, kisha nikaichuja kwa soksi. Mota za magurudumu tuliziacha zizunguke bure mpaka grisi ilainike. Tanuri la umeme tuliliwasha kwa moto mdogo, mlango wazi upana wa kidole, ili koili zake, yale masongo ya waya yanayotoa moto, zikauke kwanza.

Mablanketi yalikwenda kwenye udongo na kwenye vyombo vibichi, ili shamali usiukaushe upande mmoja ukauacha mwingine. Yalipopungua nilileta la nyumbani. Mume wangu alilitafuta blanketi letu la harusi wiki nzima kabla sijakiri lilipo.

Msidhani baridi ilikuwa adui mtupu. Kuna kazi isiyofanyika ila wakati huo, nayo ni kuinua kasiki, mtungi mkubwa unaofika kiunoni, ule wa kuwekea tende au maji. Kiangazi mdomo wake unakauka kabla ya tumbo na kasiki linapasuka mbele ya macho yako. Wakati wa baridi linakauka polepole, kwa wiki tatu au nne, likisogezwa na kufunikwa kama mtoto mchanga. Katika karakana yetu aliyejua kuliinua kwa mkono, pete ya udongo juu ya pete, alikuwa Mzee Saleh peke yake.

Shida ni kujua limekauka lini. Chombo chenye maji ndani kikiingia kwenye moto, maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, na njia ni kupasua. Kipimo chetu kilikuwa shavu. Unaliegemeza shavu kwenye tumbo la kasiki, ukisikia ubaridi bado lina maji. Kiangazi hata mtoto angejua. Wakati wa baridi kila kitu ni baridi, hata kikavu, na hapo ndipo ilipokuwa elimu yenyewe. Mzee Saleh alinifundisha bila ya mimi kumuomba, maana aliona mtunza ghala asiyejua kibichi na kikavu ni hatari.

"Usiondoe uso haraka," aliniambia. "Baridi ya hewa inakuachia ukishakaa nayo kidogo. Ya maji haikuachii, inaendelea kukunyonya."

Tukabishana juu ya jina. Yeye, kwa Kiswahili chake cha bara, kilichokuwa na maji alikiita "kibichi". Mimi nikasema "baridi", kwa sababu ndicho unachokisikia. Niliandika vibao viwili nikavitundika ukutani juu ya marafu mawili yaliyopakana: BARIDI, kwa vyombo vyenye maji, na YABISI, kwa vilivyo tayari kwa moto. Nilichagua maneno hayo kwa kuwa hata wenzetu waliojua Kiarabu tu wangeyatambua wakisomewa. Sikufikiria yatasomekaje pamoja. Alikuja mgeni kutoka Unguja, mama mtu mzima, akasimama mbele ya ukuta, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ala! Nyinyi hapa mnafinyanga baridi yabisi? Mie n'nayo magotini, sikuja kununua nyengine!"

Kwa ule ugonjwa wa viungo alioutaja, karakana yetu ilipata jina mjini. Mzee Saleh alitaka vibao vishushwe, viandikwe KIBICHI na KIKAVU. Nilikataa, na mwaka hadi mwaka tulikuwa tukitaniana kwa hilo.

Baada ya miaka michache tulihamishiwa Madinat Sultan Qaboos, mtaa mwingine wa Maskati, kwenye jengo jipya lenye madirisha makubwa yaliyotazama kaskazini. Aliyeyachora hakuwahi kuishi na shamali. Niliyaziba kwa magunia, na Mkurugenzi wetu mpya hakupendezewa, kwani wageni walikuwa wakija na kamera. Alikuwa kijana, amesoma nje, mama yake mtu wa Unguja, akizungumza nasi Kiswahili cha nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu wapo walionitaka nimchukie.

Mwaka wa pili pale, Mzee Saleh aliugua. Alitoka kwenye sala ya alfajiri kichwa kitupu, upepo unavuma, na kufika saa tatu mdomo ulikuwa umekwenda upande. Watu walisema amepigwa na upepo. Madaktari walikuwa na jina lao. Alikaa nyumbani miezi miwili, akarudi mdomo umenyooka, anatania kama zamani, na sote tukasema alhamdulillahi.

Baridi iliyofuata tuliagizwa makasiki matatu kwa ukumbi mmoja wa kupokelea wageni. Mkurugenzi aliniita ofisini kuuliza kama udongo unatosha. Nilipokuwa mlangoni natoka, akasema, "Bi Zuwena, Ami Saleh amechoka. Mkataba wake unakwisha Februari. Yakitoka yote mazima namuongezea miaka miwili. Likipasuka moja, sitoweza kumtetea huko juu."

Nilirudi ghalani na neno hilo. Mzee Saleh alikuwa mjane, watoto wake wameshatawanyika na maisha yao. Karakana ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Nami nilimpenda kama baba, sioni haya kuliandika.

Kasiki la kwanza alilipima alasiri moja, akasema tayari, akalisukuma chini ya YABISI. Makasiki yalikaa juu ya mbao zenye magurudumu, hata mwanamke angeweza kuyasogeza. Kwa mazoea tu nikaliegemea. Nikakaa nalo. Baridi ya hewa iliniachia, kisha ikaja ile nyengine, inanyonya. Nikasema moyoni, Zuwena, wewe mtunza ghala unamsahihisha nani? Basi siku hiyo nikamtazama vizuri. Alikuwa anakunywa chai. Tone la chai moto lilimwangukia kutoka ukingoni mwa kikombe, likateremka kwenye shavu la kulia mpaka kwenye ndevu, na mkono wake haukuinuka kulifuta. Hakulisikia. Lile ndilo shavu alilopimia miaka arubaini.

Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi. Alipoondoka nikalirudisha kasiki chini ya BARIDI. Nikamwambia fundi wa tanuri, Athumani wa Mombasa, kwamba stima ya tanuri inakaguliwa, asubiri. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Mzee Saleh akalipima tena baada ya siku mbili, akalisukuma tena kulekule, nami nikalirudisha tena. Lilipokuwa yabisi kweli nikaliacha, likaingia kwenye moto, likatoka zima. La pili nalo lilikwenda hivyohivyo. Mzee hakusema kitu, na mimi nikajiona hodari.

Ilipofika zamu ya la tatu, binti yangu akajifungua mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa hospitali siku tatu, na furaha ilinisahaulisha kila kitu. Siku ya nne nilipoingia karakana nilimkuta Athumani amesimama mbele ya tanuri na kofia mkononi.

"Bi Zuwena, limepasuka. Limelia ka bomu, wallahi. Na koili zote za upande huu zimeenda."

Vigae vilikuwa vimejaa mpaka chini. Mzee Saleh alikuwa amechutama anaviokota kimoja kimoja, akivitazama upande wa ndani, mahali palipovunjika. Mkurugenzi akaingia na karatasi ya ripoti, akauliza ilikuwaje. Sikungoja.

"Kosa langu," nikasema. "Lilikuwa bado baridi, nikalitia kwenye rafu la yabisi kwa haraka ya kwenda hospitali. Mzee hakujua."

Mkurugenzi aliniangalia. Nafikiri alitaka kuniamini, maana ingemrahisishia. Akafungua kalamu.

"Usiandike," akasema Mzee Saleh. Alisimama kwa taabu, kigae kingali mkononi. "Huyu mama anasema uongo. Nimelipima mimi na nimelisukuma mimi. Shavu langu limekufa tangu ule ugonjwa. Silisikii, hata nikilichoma."

Akanigeukia.

"Na mawili yale ya mwanzo nilijua. Nilikuwa nikisukuma huku, kesho yake nalikuta kule. Kasiki lina magurudumu, lakini halina akili ya kurudi lenyewe. Nikajifanya sioni. Hiyo ni aibu yangu, na leo imetosha. Lakini hili la kunichukulia kosa langu mbele ya watu, hapana. Miaka arubaini sijamtwisha mtu chombo nilichokivunja mimi."

"Nilitaka ubaki, Mzee," nikasema.

"Najua ulichotaka."

Nilihisi nimepigwa, na nilistahili. Nilidhani namlinda, kumbe nimemfanya mtu wa kufichwa.

Mkurugenzi alifunga kalamu yake. "Ami," akamuuliza, na sauti ilikuwa ya mtoto kwa mkubwa wake, "sasa nifanye nini?"

"Andika kama ilivyokuwa. Mkataba uishe, sina ugomvi. Siku zilizobaki nitainua jingine la tatu. Mikono ingali hai. Shavu atatoa Bi Zuwena, na safari hii hadharani."

"Mzee, kwani la kushoto?" Athumani akauliza.

"La kushoto halijasoma," akajibu Mzee Saleh, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile tukacheka.

Basi wiki zile zikawa ndizo nzuri kuliko zote nilizofanya kazi. Aliinua kasiki jipya siku nne, pete juu ya pete, na mimi nashika taa na kitambaa chenye maji. Tukalifunika, tukalifunua, tukaligeuza upande wa dirisha na upande wa ukuta. Kila alasiri aliniita mbele ya wote. "Sema." Nami naegemeza uso, nangoja mpaka hewa iniachie. "Baridi." Hakunipa msaada wowote. Akishanisikia anaweka kiganja chake juu ya udongo karibu na uso wangu, anakitazama, halafu anaendelea na kazi.

Siku yake ya mwisho Mkurugenzi alileta halwa na kahawa, na watu wa ofisi wakateremka. Sote tulikuwa na hamu moja, afunge mwenyewe mlango wa tanuri kabla hajaondoka. Athumani alikuwa ameshabadilisha koili, tanuri linangoja. Hata yeye Mzee alivaa kanzu mpya na juu yake aproni yake ya kazi, na watu hawavai hivyo bila ya matumaini.

"Sema," akaniambia.

Niliegemea. Nikakaa nalo muda mrefu kuliko siku zote. Hewa ikaniachia, na kwa pumzi mbili tatu sikusikia chochote, nikafurahi. Kisha kwa mbali sana, kutoka chini karibu na kitako, ikaja ile baridi ya maji. Ndogo, lakini inanyonya.

Athumani aliona uso wangu. "Tulipashe polepole, Mzee," akasema. "Siku mbili za moto mdogo. Litavumilia."

Labda lingevumilia. Watu wote walikuwa wananitazama, sinia la halwa mkononi mwa Mkurugenzi. Neno moja, naye angefunga mlango kwa mkono wake na kwenda nyumbani na furaha hiyo. Sijawahi kutamani kusema uongo kama nilivyotamani pale, na nilikuwa nimeshaujua uongo vizuri.

"Bado baridi, Mzee."

Mkurugenzi aliinamisha macho. Mzee Saleh alinitazama, akatikisa kichwa polepole kukubali.

"Kibichi," akasema.

"Baridi," nikasema, machozi yananidondoka.

"Haya. Baridi."

Akavua aproni, akaikunja mara nne, akanipa. Akanywa kahawa yake, akampa kila mtu mkono, akaondoka.

Nami niliendelea pale miaka kumi na kitu. Nilifanywa msaidizi, kisha Mkuu wa Karakana. Nilikaa nusu mwaka Yiti, kijiji cha pwani, nikiwafundisha akina mama kufinyanga vyetezo vya ubani, na huko baridi ya baharini ilinifundisha mengine. Nilistaafu katikati ya miaka ya elfu mbili. Siku hizi wana kidude chenye sindano, unachoma udongo, namba inatoka, na ni kizuri, sikibezi. Magunia bado wanayaweka madirishani. Baridi yabisi niliyoitania ukutani imeniingia magotini kweli, na Januari nikiamka nayo huwakumbuka wote. Vijana huniuliza kama najuta kumnyima Mzee mlango ule. Nnachojuta ni yale makasiki mawili niliyoyarudisha kwa siri. Nilimhurumia vibaya. Ningemwendea siku ile ya chai nikamwambia, Mzee, shavu lako halisikii, tufanyeje? Angekasirika siku moja, na pengine tungekuwa na miaka miwili zaidi.

Sijakwambieni kasiki la tatu liliishaje. Lilikauka siku ya kumi na moja baada ya yeye kuondoka. Tulilitia kwenye moto, tukangoja lipoe kwa haki yake, na lilipotoka Athumani na mimi tulilisukuma juu ya ubao wake mpaka mlangoni pa Mkurugenzi, kwa kuwa simu ilikuwa humo. Chombo kizima ukikigonga kwa kifundo cha kidole kinalia. Chenye ufa, hata usioonekana, kinakohoa tu. Mkurugenzi alipiga namba mwenyewe, akanipa.

"Mzee, limetoka."

"Zima?"

"Sikiliza mwenyewe."

Mkurugenzi akainyoosha simu mpaka waya ukakaza, akaishikilia karibu na mdomo wa kasiki. Nikagonga. Lililia kwa muda mrefu, tumbo zima, mpaka Athumani akafumba macho. Nikaichukua simu.

"Mzee? Umesikia?"

Nilimsikia anaihamishia simu sikio la pili.

"Gonga tena, mwanangu," akasema.